Antena ya Bure kwa Mama Myriam

Wafadhili walipotoa pesa za intaneti ya bure huku Kasungami, shirika la mtaa lilitafuta nyumba ya kuwekea antena. Mama Myriam, mjane ambaye watoto wake wote wamehamia Mokambo, alikubali upesi. Alitaka watu.

Watu walijaa kweli. Walikaa ukutani kwake kutwa, macho kwenye simu. "Jambo, mama," basi.

Jumapili moja alisonga bukari, ugali wa kuwatosha wote, akachomoa waya wa antena, mtandao ukakatika, akatoka nje.

"Rezo imeenda, batoto. Mukuye tukule!"

"Aksanti, mama, tutakula ku nyumba."

Wakajikung'uta vumbi, wakaondoka. Mama Myriam akauchomeka waya tena.

Walirudi kabla bukari haijapoa. Hakuna aliyeinua kichwa.