Mwandishi wa Kikao na Mashine Isiyo na Adabu

Kwa miaka kumi na minne, kazi ya Nukta katika idara ya maji ilikuwa kusema uongo kwa mwandiko mzuri. Mwenyewe aliiita kuandika mihtasari ya vikao. Mhandisi wa mabomba akimwambia Mwenyekiti, "Afadhali bomba bovu kuliko mdomo wako, lenyewe huzibika," Nukta aliinamisha kichwa na kuandika: "Mjumbe alitoa maoni tofauti." Mwenyekiti akisinzia mpaka kidevu kikagusa tai, aliandika: "Mwenyekiti alitafakari." Kisha aligonga nukta mwishoni mwa sentensi kwa nguvu hata vikombe vikatikisika, na jina lake lilianzia hapo.

Alilalamika, bila shaka. "Vikao hivi vitanizika," alimwambia kila aliyekutana naye kwenye korido. Lakini nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili, redio moja, na kiti cha pili ambacho mkewe alikiacha siku alipohama kwa sababu hakikuenea kwenye gari. Dada yake mkubwa alimpigia simu kila Jumapili, akamuuliza kama amekula, akakata kabla hajajibu vizuri. Kwa hiyo watu wa kuongea karibu naye (si naye, karibu naye) aliwapata kikaoni tu, kila Jumanne, saa tatu asubuhi mpaka saa sita.

Halafu makao makuu, ambako wakubwa walisoma Kiingereza tu, wakataka kila muhtasari uwafikie siku hiyo hiyo, kwa lugha yao. Nukta akaona hapo pana sifa. Akajifunza kwenye mtandao, wikiendi baada ya wikiendi, miezi sita, huku mchele ukiungua jikoni. Ubongo wa mashine hakuubuni yeye. Huo wameutengeneza watu walioshiba. Yeye aliutengenezea mlango tu: unapakia faili la sauti upande huu, akili mnemba inasikiliza, maneno yanatoka yameandikwa, na tafsiri inakaa kando yake kama mke na mume waliopelekwa studio kupigwa picha.

Siku ya maonyesho walipiga makofi. Mama Stoo, aliyetunza funguo za ghala na habari za kila mtu, alipiga hata meza.

"Bwana Nukta," Mwenyekiti akasema, "umetuhurumia na umejihurumia. Kuanzia wiki ijayo usijisumbue kuja kikaoni. Tutarekodi kwa simu, tutapakia wenyewe."

"Lakini Mwenyekiti, mimi sisumbuki."

"Pumzika, ndugu yangu. Umestahili."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba atapigiwa makofi wakati anaingia.

Ofisi yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka ukumbi wa mikutano, chumba cha majalada ambamo hata mende walionekana wamechoka. Jumanne ilipofika alikisikia kicheko kikipenya ukutani, bila maneno, kama harufu ya chakula cha jirani. Jumatano akafungua faili la kikao, akavaa vipokea sauti, akala chakula chake cha mchana pamoja nao. Alicheka vichekesho vya jana. Mama Stoo aliuliza, "Hivi ile pampu ya mtaa wa juu nani aliifungua?" na Nukta akajibu, mdomo umejaa, "Ni Mhandisi huyo, muulize." Akasubiri. Mama Stoo akaendelea na yake.

Baada ya wiki tisa akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi: aliiamuru mashine imtafutie jina lake katika vikao vyote tisa. Lilitokea mara moja. Mama Stoo alikuwa akimwambia mgeni fulani, "Kiti cha Nukta hakina mtu, weka mkoba hapo."

Aliirudia sauti hiyo mara kadhaa. Ilisemwa kwa upole, hilo lazima akiri.

Mashine, kwa upande wake, ilifanya kazi bila kosa, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Iliandika kila kilichosemwa. Iliandika mikoromo. Mhandisi aliposema kuwa kumpa Mwenyekiti ufunguo wa ghala ni kumkabidhi fisi bucha, ikaandika, ikatafsiri, ikatuma. Makao makuu wakajibu kwa barua ya mistari miwili: tafadhali fafanueni fisi ni nani na nyama ni ipi.

Nukta akaitwa ukumbini. Alipiga shati pasi mara mbili, moyo ukimwenda mbio kama wa mtu anayekwenda kuposa. Alikuta mkoba wa Mama Stoo umekalia kiti chake, akasimama.

"Mashine yako haina adabu," Mwenyekiti akaanza.

"Inaandika kilichosemwa, Mwenyekiti."

"Nani aliomba kilichosemwa?"

"Mimi sikusema fisi," Mhandisi akaingilia.

"Ulisema mara tatu," Mama Stoo akamwambia. "Nimesoma. Na mimi nimejisoma. Kumbe miaka yote naongea hivi na hamniambii?"

"Tungepata wapi nafasi ya kukwambia?" Mhandisi akamjibu.

Mwenyekiti akainua mkono. "Bwana Nukta, wewe ulikuwa unafanyaje mpaka ikawa safi? Huo ufundi si uifundishe mashine, yaishe?"

Ingefundishika. Nukta alijua hivyo kuliko mtu yeyote mle ndani. Kabatini kwake kulikuwa na madaftari ya miaka kumi na minne: ukurasa wa kushoto matusi kama yalivyotoka, wa kulia muhtasari kama ulivyokwenda. Mashine ingeyasoma kwa wiki moja, ikatoka mwanadiplomasia. Akautazama mkoba ulioketi.

"Haiwezekani," akasema. "Adabu haifundishiki kwa mashine. Inataka mtu aliyekaa hapa."

Uongo wake wote wa awali aliuandika. Huu ulikuwa wa kwanza kuusema kwa mdomo.

"Basi rudi," Mwenyekiti akasema, kama anayefukuza nzi, na Mama Stoo akauchukua mkoba wake.

Mashine ikazimwa masikio, ikabakizwa kutafsiri tu. Jumanne iliyofuata Nukta alifika nusu saa kabla, na kalamu tatu, akajipangusia kiti. Wajumbe wakaingia mmoja mmoja, kimya, mikono mbele, kama watu waliokuja kutoa damu.

"Mwenyekiti," Mhandisi akasema, "ninaomba kutoa maoni tofauti."

"Yamepokelewa kwa shukrani."

"Ninaunga mkono," Mama Stoo akasema, akafunga mdomo, na ukabaki umefungwa.

Wote walikuwa wamejisoma. Hakuna aliyetaka kujisoma tena. Mwenyekiti hata hakusinzia. Alikaa na macho wazi kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nukta alisubiri mtu amtukane mtu, walau kidogo, apate kumfunika. Aliandika walichosema neno kwa neno, kwa kuwa hakukuwa na la kubadilisha, na kalamu mbili hazikufunguliwa.

Wakafika kwenye Mengineyo, ajenda ya mwisho, ile ya mambo yasiyo na mahali. Zamani ilikula saa nzima: harusi ya nani, nani kanenepa, nani kamwona nani na nani.

"Mengineyo," Mwenyekiti akasema.

Hakuna aliyekuwa nayo.

Nukta akanyoosha mkono. Mwandishi hasemi kikaoni. Hilo halikuwahi kuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani litahitaji kuandikwa.

"Bwana Nukta?"

Akasimama. Hakuwa ameandaa kitu. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, watu aliowasikiliza miaka kumi na minne.

"Nilikuwa nauliza tu," akasema. "Hamjambo?"

Wajumbe wakatazamana. Mama Stoo akaangalia karatasi ya ajenda, pengine jibu liko humo.

"Hatujambo," wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

"Iingie kwenye kumbukumbu," Mwenyekiti akasema, akaanza kukusanya karatasi na miwani yake.

Nukta akaketi, akaandika: "Wajumbe walieleza kuwa hawajambo. Kikao kilifungwa saa tatu na dakika ishirini na mbili."