Jembe Nililolisahau Nyumbani

Cheka, ukimaliza nikueleze. Mimi ndiye niliyelala juu ya meza ile ya kupasuliwa, na kovu ninalo tumboni mpaka leo. Sikuhadithiwa na mtu.

Enzi za Mwingereza, mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, akafia huko huko. Hata shati lake hatukuletewa. Kwetu Ukata, kijiji cha milimani, tunalima ngoro: mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba mteremkoni, mkewe humfuata na jembe, akachimba katikati na kuyafukia kwa udongo. Miraba ya mume wangu ilikuwa midogo, watu wakimtania: "Unawapangia kuku watage?" Alipokufa, mimi nani angenipangia?

Mwaka wa pili utumbo ulijisokota. Nikashushwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni, kule chini ziwani. Sista akaniwekea kitambaa puani, akadondoshea dawa ya usingizi. "Hesabu, mama." Nikafika sita.

Niamini, harufu ile kali iligeuka ya majani mabichi. Nikauona mgongo wake. Ameinama, anapanga. Miraba midogo ile ile! Nililia kwa furaha, jamani. Miaka miwili nilikuwa nimelala nikikumbatia blanketi.

"Mama Skola," akasema bila kugeuka, "jembe lako liko wapi?"

"Nimelisahau nyumbani."

"Sasa umekuja kulima kwa kucha?" Akacheka kicheko chake kile. "Na Skola umemwacha na nani?"

Sitakuficha: nilikuwa nimemsahau mwanangu wa pekee, mtoto wa miaka minne! Nikajibu kwa aibu, "Yuko kwa bibi yake."

"Haya, kalifuate jembe. Nitakungoja."

Nikakimbia. Mara kifua kikabanwa, nikaamka natapika. Sista alikuwa analia. Akaniambia moyo wangu ulisimama nikiwa nimepasuliwa, daktari akapitisha mkono humo humo tumboni, akaukamua kutoka chini mpaka ukapiga tena. "Mshukuru Mungu, mama." Nilimshukuru. Lakini daktari nilimkasirikia siku tatu nzima, sikumwitikia hata salamu. Nani alimtuma anirudishe?

Niliporudi Ukata, shamba langu la juu nililikuta limefyekwa, majani yamepangwa. Mama mkwe akaapa hakuna aliyekanyaga kule. Nikapanda mwenyewe kuangalia. Miraba ya kuku kutagia! Nikakaa katikati yake nikalia, mpaka Skola akaja kunivuta nguo, ana njaa. Nikamfuta kamasi, nikamlisha, kisha nikachukua jembe nikafukia mraba mmoja mmoja, Skola akiwa mgongoni.

Basi nakuonya, wewe uliyefiwa: mtu wako akikutuma urudi, usibishe, hata kama roho inakuuma. Kalee wanao kwanza.

Skola wangu keshaolewa, ana mji wake. Mimi jembe nimelitia mpini mpya, liko nyuma ya mlango. Safari hii silisahau.