Mwembamba wa Nyuma ya Seng'enge

Soila alikuwa na jicho ambalo wafanyabiashara wa mbuzi wa Kajiado walilionea wivu. Mbuzi akishushwa tu garini, kabla hata hajapata miguu yake, Soila alikuwa ameshamtaja kilo. Akitia shaka, alimshika kiunoni kwa vidole vitatu, akabonyeza kando ya uti wa mgongo na kusikiliza nyama ilivyokaa. Mizani ilikuja baadaye kumwunga mkono tu. Tena alikuwa na sheria moja aliyowapa wanunuzi wageni bila kuwabembeleza: mnyama aliyetoka safari hapimwi siku hiyo. Mwache anywe, mwache alale, asahau gari. "Ukimpima leo," aliwaambia, "unapima uchovu wake."

Alipoanza kujipima mwenyewe, sheria hiyo hakuikumbuka.

Alipasuliwa mwanzoni mwa Julai ili apungue mwili, katika hospitali moja ya Nairobi. Hakuna kilichokatwa na kutupwa. Madaktari walitoboa matundu madogo, wakapitisha mkanda laini wa mpira na kuuzungusha sehemu ya juu ya tumbo la chakula, kama mtu anavyofunga shingo ya gunia, ila hawakuukaza. Kukaza kungekuja wiki ya sita, kwa sindano ya maji ya chumvi, ndani kukishapona. Kabla ya hapo kulikuwa na wiki mbili za vitu vya majimaji, wiki mbili za vilivyosagwa hadi vikawa kama uji, kisha vyakula laini. Muuguzi mmoja, Evalyne, alimwandikia yote kwenye karatasi, pamoja na mstari uliopigwa wino mara mbili: kidonge cha ugonjwa wa sukari kisimezwe bila mlo, sukari ya mwili isije ikashuka mno.

"Mama, nisikie," Evalyne alimwambia. "Hizi wiki sita si za kukonda. Ni za kupona. Mkanda bado uko legevu, njaa itarudi, na hiyo ni kawaida. Ukila kigumu ukatapika, mkanda unateleza, na tunakurudisha theatre. Sawa?"

"Sawa," alisema Soila, naye moyoni alikuwa ameshaanza kukonda.

Alikuwa na haraka yake. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, na sukari. Mama yake mzazi alikufa kwa sukari hiyo hiyo akiwa na arobaini na minne, na Soila ndiye aliyembeba kila asubuhi ya mwezi wa mwisho, kutoka kitandani hadi kwenye jua. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja kati yake na umri ule. Alitaka auvuke akiwa mtu mwingine kabisa.

Nyumba yao iko mwisho wa ploti za Kitengela, pale ambapo mawe ya ujenzi yamerundikwa na wenye nyumba hawajarudi. Upande wa kushoto na wa kulia kuna nyumba zisizo na paa, madirisha yake matundu matupu. Pande tatu za kiwanja zina ukuta. Upande wa nne, ule wa nyuma, una nyuzi nne za seng'enge, na baada ya seng'enge ni mbuga tu, nyasi za rangi ya simba na udongo mweusi uliopasuka. Mumewe, Hillary, alikuwa safarini Illasit akisubiri vitunguu vikauke. Aliyekuja kumwuguza ni mama mkwe wake, Rebecca, kutoka Kajiado.

Wawili hao waliitana Paker. Siku Soila alipoingia kwa kina Hillary akiwa bibi harusi, Rebecca alimpa kondoo, na kwa Wamaasai zawadi ya namna hiyo hugeuka jina kati ya mtoaji na mpokeaji. Miaka ishirini walikuwa hawajaitana kwa jina lingine.

Siku ya kwanza nyumbani mizani ilisema kilo mia moja na kumi na nane. Siku ya kumi na nne ilisema mia moja na kumi na moja. Soila alijitazama kiooni akacheka peke yake. Halafu ikasema mia moja na kumi na moja tena. Na kesho yake. Na siku iliyofuata. Njaa nayo ikarudi, si ya tumbo tu bali ya meno, akawa anatafuna hewa bila kujijua. Alipiga simu.

"Mama, maji ndiyo yalitoka kwanza," alisema Evalyne. "Sasa mwili umesimama uangalie. Uache uangalie. Na hiyo mizani ifungie kwa kabati."

"Lakini nimejinyima kabisa, daktari. Nakunywa supu tu."

"Mimi si daktari, na supu ni sawa. Subiri."

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja, kwa hasira, Soila alimwaga kikombe cha supu ya mifupa nyuma ya jikoni. Julai ya Kitengela huuma masikio. Aliporudi na ndoo muda mfupi baadaye, supu ilikuwa imeganda juu ya udongo, nyeupe na nene, kama mshumaa uliomwagika.

"Paker, hii ni nini?"

Rebecca aliinama akaangalia. "Ni mafuta ya kondoo."

"Kwa supu yangu?"

"Kwa supu ya nani tena? Mwanamke akikatwa tumbo anapewa mafuta. Si ulikunywa ukizaa? Ulikufa?"

"Hospitali walisema vitu vya maji!"

"Na mafuta ikiyeyuka si maji? Nimeyeyusha mpaka ungejiona uso ndani. Ama walitaka nikupe maji ya mvua?"

"Nataka kukonda, Paker!"

"Kukonda." Rebecca alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa mfupa mdomoni. "Kwetu mtu akikonda tunauliza ni nini inamkula."

Ingetosha kumwomba mama mkwe apike supu bila mafuta. Rebecca angenung'unika siku moja, angepika. Lakini hasira ya njaa haiombi. Tangu siku hiyo Soila alipokea kila kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kukimwaga katika shimo nyuma ya tangi. Uji uliosagwa na viazi vilivyopondwa vilipita njia hiyo hiyo. Alikunywa maji, akameza kidonge chake cha sukari, na kuketi kwenye kiti cha plastiki uani, blanketi mabegani.

Mizani ikatii. Mia moja na kumi. Kesho yake mia moja na nane na nusu. Jasho jembamba lilimtoka asubuhi ingawa kulikuwa na baridi, na mikono ilimtetemeka akishika simu, naye aliyaita hayo yote mafuta yanayochomeka.

Siku hiyo ya mia moja na nane na nusu, saa nane mchana, upepo ulisimama. Mbuga nzima ikanyamaza kama chumba ambacho mtu ameingia. Mbali, pale nyasi zinapogusana na mawingu, alisimama mwanamke. Hakuwa na mifugo wala mzigo. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba Soila alidhani mwanzo ni nguzo. Alisimama ameelekea nyumba, na kivuli hakikuonekana chini yake, lakini siku yenyewe haikuwa na jua. Upepo uliporudi hakuwepo.

Soila hakuogopa. Alifurahi, na furaha hiyo ilimshangaza. Ni kama kumwona mtu uliyemngoja miezi mingi akitokea kwenye kona.

Kesho yake mizani ilisema mia moja na saba, na mwanamke alikuwa nusu ya njia. Safari hii Soila aliiona sweta yake. Ilikuwa ya kijani, yenye kola iliyolegea, kama ile iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba yake mwenyewe hatua tano kutoka pale alipoketi. Aligeuka kuitazama kamba. Sweta ilikuwepo, ikidondosha maji.

Jioni hiyo, wakiwa jikoni, Rebecca alisema huku akipepeta mchele, "Yule rafiki yako mbona haingii? Jana amesimama, leo amesimama. Ama mlikosana?"

Soila alimgeukia. "Rafiki gani?"

"Yule mwembamba. Macho yangu ni ya zamani lakini haijaoza. Mwambie aingie akunywe chai. Mtu hasimami nje ya boma ya watu kama fisi."

"Nitamwambia," alisema Soila.

Hakulala vizuri, wala hakutaka kuuliza zaidi. Asubuhi alimwaga uji, akameza kidonge, akapanda mizani. Mia moja na tano na nusu. Aliposhuka, sakafu ilichelewa kidogo kuipokea miguu yake.

Saa nane upepo ukasimama.

Mwanamke alikuwa kwenye seng'enge. Alikuwa amefika bila Soila kumwona akitembea, na alikuwa ameinamisha kichwa, uso umefunikwa na leso. Hatua kumi zilibaki kati yao. Jogoo wa jirani wa mbali aliwika akakatiza katikati. Soila aliinuka, blanketi likaanguka, akamsogelea.

Mwanamke alifanya jambo ambalo kila mtu wa nchi hiyo humfanyia mwenzake akimpisha: alikanyaga uzi wa chini kwa mguu mmoja, akainua wa juu yake kwa mkono, seng'enge ikafunua mdomo. Halafu akangoja.

Soila aliutazama mwanya ule. Tangu wahamie pale hajawahi kupita hapo. Hillary hupita, wageni hupita, hata Rebecca na miaka yake sabini hupita akisonya. Yeye huzunguka njia yote hadi lango la mbele, huku akitania kwamba seng'enge ni ya kuzuia ng'ombe na yeye ni ng'ombe. Sasa mwanya ulikuwa wazi mbele yake, na kitu ndani yake kilisema: leo. Jaribu leo. Si ndicho ulichokuwa unangoja?

Aliinama. Alitia mkono mmoja ng'ambo, kisha bega. Miba ikashika gauni mgongoni, ikaachilia. Uso wake ukawa karibu na kiuno cha yule mwanamke, na jicho lake la sokoni, jicho ambalo halikuwahi kupumzika, likafanya kazi yake lenyewe. Kilo arobaini na moja. Hakuna nyama juu ya nyonga. Uti wa mgongo umetoka kama meno ya msumeno. Mnyama wa namna hii humnunui, kwa sababu hata jioni humfikishi.

Arobaini na moja aliijua. Aliijua kwa mikono, si kwa mizani. Ndiyo uzito aliokuwa akiubeba kila asubuhi kutoka kitandani hadi kwenye jua.

"Yeyo?" aliita. Mama?

Ule mkono ulioinua waya ulikuwa na kucha za samawati. Ukainua waya juu zaidi, kwa upole, kama mtu anayesema: unaona, unatosha.

Soila alianguka nusu huku, nusu kule, miba ikamkamata mgongoni, na mbuga ikaanza kuzunguka polepole.

"Paker!"

Sauti ilitoka mbali, nyuma yake.

"Paker! Wewe! Niitikie!"

Alitaka kuitikia lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa ng'ombe. Mikono migumu ilimkamata kwapani, gauni likararuka, akavutwa nyuma hadi mgongo wake ukagusa udongo. Rebecca alimwinua kichwa akakiweka pajani. Alikuwa amekuja na kikombe alichokiokota mezani alipoona kiti kitupu, uji mwepesi wa mtama, na kwenye pindo la shuka alikuwa na sukari iliyofungwa kwenye karatasi, ya chai yake ya safari. Aliimimina yote.

"Kijiko tu. Meza. Nimeona lile shimo nyuma ya tangi, nimeona leo. Mbwa wa Kitengela wote wamenona, wewe unakufa. Meza."

"Mkanda..."

"Mkanda utapewa kijiko, si ndoo. Karatasi yako nimesomewa na binti wa duka, mstari kwa mstari. Kijiko, ngoja, kijiko. Meza."

Soila alimeza. Uji ulipita mahali palipofungwa, ukasita, ukashuka. Alisikia ukishuka. Rebecca alihesabu pumzi kwa sauti kati ya kijiko na kijiko, na Soila, akiwa amelala chali, alitazama seng'enge. Uzi ule ulikuwa bado umeinuliwa, umepinda katikati, hakuna mkono alioweza kuuona ukiushika. Kijiko cha sita, cha saba. Cha tisa kilipotua, waya uliachiliwa ghafla, ukalia kwa urefu wote wa kiwanja, nguzo hadi nguzo.

Rebecca naye aliusikia. Hakugeuka.

"Nilikosea na mafuta," alisema. "Sitaweka tena. Wewe ulikosea na shimo. Kesho tunapigia huyo Evalyne, unamwambia ukweli wote mbele yangu, hata akikutukana. Na hiyo mizani naenda nayo Kajiado, nitapimia maharagwe."

"Nilitaka iwe haraka, Paker."

"Najua. Angalia huko. Huyo ndiye haraka."

Soila aliinua kichwa kidogo. Mwanamke alikuwa amerudi nyuma, hatua moja labda, si zaidi, amesimama kwenye nyasi na sweta ya kijani. Alikuja mbuga nzima kwa siku tatu. Kwa mwendo huu, kurudi kwake kungechukua wiki.

Rebecca alikoroga kilichobaki kikombeni. Yeye alikaa akiipa mbuga mgongo.

"Ameenda?"

"Bado."

"Basi kunywa."