Likizo Mama Alipojifunza Kushika Panya

Nikiikumbuka nyumba yetu ya Magongo, kwanza hunijia harufu ya sabuni. Mama yangu alikuwa mkemia katika kiwanda cha sabuni huku Changamwe, na jioni tulimnusa kabla hatujamwona: mafuta ya nazi yaliyochemka, magadi, na kitu kikali kilichotekenya pua. Hata nguo zake za kanisani zilinukia hivyo. Likizo ya mwisho wa mwaka, nilipokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilichanganyika na nyingine ambayo hakuna aliyeipenda nyumbani. Harufu ya panya.

Mambo yalianza mama alipotumwa kaskazini, kwenye jangwa la Chalbi, kusaidia kupima maji ya visima. Alikwenda kupima chumvi, akarudi na habari za mnyama. "Ni panya mdogo, mkia wake una kishungi," alitueleza tukila. "Akipata mbegu kavu, maji hayahitaji kabisa. Mkojo wake nimeupima mwenyewe, una chumvi kuliko bahari hii yetu. Sasa mwili wake unafanyaje?" Macho yake yalikuwa yakimeta. Baba, aliyekuwa akiendesha kreni bandarini, aliendelea kuchambua miiba ya samaki wake. Hawe, bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa amehamia kwetu kutoka Kaloleni, alipiga makofi mara moja kwa mshangao. "Dama mwanangu, umesoma kote kule uje upime mkojo wa panya?"

Mama hakutania. Aliomba kazi katika kituo cha utafiti huko kaskazini, na mkuu wa kituo akamjibu kwa simu kwamba wakemia anao wa kutosha. Alichokosa ni mtu wa kumshika mnyama hai bila kumuumiza. Mkuu huyo angepita Mombasa kabla ya shule kufunguliwa, ajionee kama mama anaweza. Shida ni kwamba mama aliogopa panya kupita kiasi. Akimwona mmoja jikoni, alikuwa akipanda juu ya kiti na kumwita baba kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Basi akaanza na wale wa kwetu, maana Magongo haikukosa panya; malori ya mahindi yalimwaga punje barabarani nao wakanenepa. Alinunua mtego wa waya, akatega kwa kipande cha nazi ya kuchoma. Asubuhi alivaa glavu za ngozi, akapiga magoti uani, akaingiza mkono. Kazi yangu ilikuwa kufungua kimlango. Mara ya kwanza alilia. Siku nyingine panya alimng'ata hadi glavu ikatoboka, akaenda zahanati kuchomwa sindano. Nilifikiri yameisha, lakini kesho yake niliisikia sauti yake: "Kadzo!" Nikaitika, "Abee mama." Akasema, "Njoo unifungulie." Majirani walichungulia, wakamwita Mama Panya, naye akawasalimu kwa jina moja moja, mkono bado umo mtegoni.

Baba hakuficha hasira zake. "Kazi ya kudumu uiache, na mtoto umwache, kwa ajili ya hivi vidudu?" Mama alivua glavu. "Nikibaki, Baba Kadzo, nitakuwa napima sabuni huku roho iko kule. Nitawaudhi nyote." Baba akatoka nje. Mimi nilikuwa upande wa baba, ingawa niliendelea kufungua kimlango.

Mkuu wa kituo alikuja Jumamosi, mtu mrefu mwenye maneno machache. Hawe alimkaribisha soda. Mama alileta mtego sebuleni, akamshika panya ngozi ya shingo jinsi alivyozoea, na panya akajipinda, akachomoka. Hawe alipanda kochi na miaka yake yote. Nilimtazama baba. Nilijua akiacha mlango wazi, panya atatoroka na mama atabaki nasi. Baba aliinuka, akausukuma mlango kwa mguu. "Kona ya kabati, Mama Kadzo! Taratibu!" Mama alilala kifudifudi, akanyoosha mkono uliokuwa umetulia kabisa, akamtoa panya mzima, hata hajalia. Mgeni aliweka chupa chini. "Utaanza lini?"

Alianza mwaka mpya. Kutoka kwa panya alihamia kwa sungura, mbweha na swala wa nyikani, na leo watafiti kutoka mbali humfuata wajifunze kwake jinsi mamalia wanavyoishi jangwani. Siku hizi mtu akibadili kazi hakuna anayeshtuka. Mimi mwenyewe nimeshabadili mara mbili, na mwanangu huongea na bibi yake kwa video wakati wowote. Enzi zile tulisubiri miezi kabla ya kumwona, na nilikua nikihesabu sikukuu ambazo mama hakuwepo.

Mwaka huu nilikwenda Chalbi kwa mara ya kwanza. Mama, mvi kichwani, alikuwa amepiga magoti mchangani kati ya wanafunzi wake, akizungumza polepole na kiumbe kilichotulia kiganjani mwake. Hakuniona nikifika. Nilisimama nikamtazama mpaka jua likanichoma shingo. Miaka yote nilikuwa nikijua mahali asipokuwepo. Siku ile nilipaona alipokuwa.