Umande kwenye Hoho za Ndila

Mimi nitasema, na anayetaka kununa anune. Ndila, jirani yangu hapa Theta, hakuwa mvivu wala hakuwa na maringo. Miaka tisa alichambua nyuzi kwenye kiwanda kimoja Thika, mpaka kifua kikakataa vumbi na daktari akamwambia aache. Akakodi kipande cha shamba, akapanda pilipili hoho, na mpishi wa hosteli moja kule Kahawa Wendani akawa anazichukua kila Ijumaa. Hoho zikifa, Ndila anarudi kwenye vumbi. Hilo tulilijua sote.

Mwezi wa nne mvua ikashika, majani yakatoka madoa madogo ya kahawia yenye ukingo wa njano. Akabeba jani hadi agroveti mjini, duka la dawa za kilimo. Mwenye duka hata hakulitazama!

"Ni wadudu hao, mathe. Piga dawa hii."

Ati wadudu! Akapiga mara tatu, majani yakazidi kudondoka. Mpaka leo nikipita mbele ya hilo duka damu inanichemka.

Ni afisa wa kilimo aliyekuja akaligeuza jani vizuri. "Hii ni bakteria, mama. Jani likishashikwa halitibiki, unazuia tu isisambae. Miche iliyoharibika kabisa ng'oa uchome, iliyobaki uipulizie dawa ya kopa, ile ya shaba. Na mtu asiguse hoho zikiwa na maji. Mikono ndiyo inabeba ugonjwa."

Sasa, sisi wamama wa kanisa hulimiana kwa zamu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaenda kazini. Tunalima umande ukiwa bado majanini, na zamu haikataliwi. Ndila akasimama mbele yetu akaomba kwake tuje saa nne, jua likishakausha majani, mikono yetu isije ikasambaza ugonjwa.

"Haiya!" akasema Wakonyo, mwenyekiti wetu. "Kwani mikono yetu ni michafu?" Wengine wakacheka. Upuzi mtupu!

Jumatatu Ndila akaenda Thika kutafuta hiyo kopa, akalala kwa dadake. Ufunguo wa lango aliniachia mimi. Kesho yake alfajiri Wakonyo akafika kwangu na wamama sita.

"Mama Mitchell, fungua. Tumlimie mwenzetu, akirudi aone haya."

Nilijua umande haujakauka. Ndila alikuwa amenieleza mimi kabla ya wote. Lakini niliogopa kusemwa, nikafungua. Wakapalilia, wakachuma majani yenye madoa kwa mikono iliyolowa, mche hadi mche, wakiimba.

Ndila alirudi akakuta shamba safi. Alipuliza dawa yake siku hiyo hiyo jioni, lakini wiki mbili baadaye kila hoho ilikuwa na magamba, na mpishi akatafuta mtu mwingine.

"Ungesema tu hapana, Mama Mitchell," aliniambia. "Mimi nilisema mbele yao peke yangu."

Leo ilikuwa zamu ya kwangu. Wamefika na umande wao, nikawafungia lango. "Rudini saa nne!" Wakonyo akasonya, akasema nimeanza kuringa kama Ndila. Nikamjibu vizuri sana, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Ndila naye alisikia. Alikuwa anapita barabarani kwenda kiwandani, amejifunga leso puani, na hakugeuka.