Umulisa, fundi wa viyoyozi anayekaa kwanza ndani ya joto lako

Saa saba na robo mchana, Umulisa Joselyne ameketi kwenye stuli ya plastiki ndani ya chumba kidogo cha nyumba moja ya Gahanga, pembezoni mwa Kigali, na hafanyi kitu. Begi lake la vifaa liko mlangoni, halijafunguliwa. Dirisha limefungwa. Juu ya kichwa chake hakuna dari, ni mabati matupu, na yanatoa mlio kila yanapotanuka kwa jua.

Kipimajoto alichokitundika ukutani kinasoma nyuzi 34. Nje ni 28.

Mama mwenye nyumba, Béatha, amesimama mlangoni na sura ya mtu anayejiuliza kama fundi aliyemwita ana akili timamu. Alitarajia drili na vumbi. Badala yake amepata mwanamke wa miaka 39, mwenye ovaroli ya bluu, anayetokwa na jasho kimya kimya kama mgeni aliyesahaulika sebuleni.

Umulisa ataketi hivyo hadi saa tisa na nusu. Mara mbili atasimama na kugusa ukuta kwa kiganja. Mara moja atapanda kitandani, ainue mkono karibu na mabati bila kuyagusa, kisha arudi kwenye stuli yake na kuandika mstari mmoja kwenye daftari.

"Mteja akiniambia chumba chake ni moto, simbishii," anasema. "Lakini siwezi kumwambia atoe laki kadhaa kwa kusikia tu. Lazima nilikae hilo joto, nijue linaingilia wapi."

Ndivyo anavyofanya kazi tangu aanze kufunga viyoyozi majumbani, miaka kumi na moja iliyopita. Hafungi mashine kabla ya kukaa chumbani kwa muda wa saa mbili, mchana wa jua kali, mwenye nyumba akipenda asipende.

Kigali ni mji wa vilima na upepo, na nyumba nyingi hazijawahi kuona kiyoyozi. Kazi nyingi za Umulisa ni za maofisi. Za majumbani hupata tano au sita kwa mwezi wakati wa kiangazi, na mvua zikianza hupata moja, au asipate kabisa. Kila kazi humwachia kama faranga 50,000 baada ya nauli na vifaa. Angeweza kupata zaidi, lakini ana ugonjwa wa kuwaambia watu ukweli.

Mwaka jana, tajiri mmoja wa Rebero alimwita afunge mashine tatu. Umulisa akakaa. Upepo ukaingia dirishani na kumpeperushia karatasi mara nne. Akamwambia yule bwana kwamba anachohitaji ni mapazia mazito upande wa magharibi. Bwana akakasirika, akaita fundi mwingine, na mashine zote tatu zikafungwa.

"Kila nikipita naziona," anasema na kucheka. "Sijawahi kukuta hata moja inazunguka."

Umulisa alizaliwa Karagwe, Tanzania, akaja Rwanda na wazazi wake akiwa mtoto wa darasa la nne. Kiswahili chake bado kina Karagwe ndani yake. Alianza kwa kutengeneza friji za soda Nyabugogo, akasomea ufundi kwa miaka miwili, na leo anaishi Ndera na binti zake wawili.

Nyumba hii ya Gahanga ni tofauti na ya Rebero. Mtoto wa Béatha, Mutoni, ana miaka saba na alizaliwa bila tezi za jasho. Ni hali iliyomwachia pia nywele nyepesi na meno machache, lakini hayo hayamsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba mwili wake hauwezi kujipoza. Watoto wengine wakicheza hutoka jasho. Mutoni hupanda joto tu, kama sufuria iliyofunikwa.

Agosti iliyopita alipata degedege kitandani, saa nane mchana, akiwa amelala tu. Alikaa hospitali siku sita.

"Dogiteri alisema huyu mtoto asipate joto," anasema Béatha, ambaye hushona sare za shule. "Sasa nitamukimbiza wapi, na jua iko kila mahali? Kila saa sita namumwagia maji, namuvalisha nguo ya maji. Nikilala mimi, nani atamumwagia?"

Béatha na mumewe, Léonce, ambaye ni mwashi, walikuwa wamejibana kwa miaka miwili na kupata faranga 730,000. Duka moja la mjini liliwapigia hesabu ya 1,240,000: mashine kubwa, bomba la shaba la mita nane kuzunguka nyumba ili lisionekane, na gharama za ufundi. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza. Mtu aliyekuwa muungwana kidogo katika duka lile ndiye aliyewapa namba ya Umulisa.

Saa tisa na nusu fundi anasimama, anajifuta uso, na kutoa hukumu yake. Joto haliingilii ukutani, linashuka kutoka kwenye mabati. Mkifunga mashine chini ya bati hili, itahangaika mchana kutwa na kula umeme wa kashi pawa, ule wa kulipia kabla, mpaka muizime wenyewe. Kwanza dari. Dari ikiwepo, mashine ndogo kuliko zote dukani itatosha.

Ndipo Léonce, aliyesimama sasa kando ya mkewe, anapoleta ombi lake. Anataka ile sehemu ya nje ya mashine isiwekwe nje.

"Fundi, ile tuiweke muri stock," anasema, akionyesha chumba cha kuhifadhia vitu. "Hapa mbele itaonekana vibaya, watu iko wanapita. Na wezi nao wapo."

Umulisa anatikisa kichwa kabla hajamaliza. Kigali tunapenda mbele ya nyumba pawe safi kama sebule, na ombi hilo ameshalisikia mara nyingi. Mara moja alilikubali. Ilikuwa Ndera, miaka sita iliyopita. Mashine ilifungiwa stoo, ikawa inavuta joto lilelile ililolitema yenyewe, na wiki ya tano ikafa.

"Nilijua itakufa," anasema. "Nilinyamaza kwa sababu mteja alikuwa ameshanilipa na alikuwa ananipigia simu kila saa. Nikanunua nyingine kwa pesa yangu. Kuifidia hiyo pesa kulinichukua miezi minane. Léonce, yule alikuwa mzee anayetaka kulala vizuri mchana. Hapa kuna mtoto. Itakaa nje, nyuma ya ukuta huu huu, na wewe mwashi utaijengea kizimba cha nondo."

Léonce anamtazama mkewe, kisha ukuta. "Ntakibazo, hakuna shida," anasema.

Hesabu mpya ikaandikwa kwenye daftari. Mbao na vipande vya dari 165,000, kazi ataifanya Léonce mwenyewe. Mashine ndogo 420,000. Kifaa cha kutuliza umeme 45,000. Bomba lisilofika mita mbili, linalopita moja kwa moja ukutani, pamoja na vishikizo, 28,000. Fundi 50,000. Jumla 708,000. Salio likawekwa kwa ajili ya umeme.

Siku ishirini baadaye, dari ikiwa tayari na bado inanukia mbao, Umulisa amerudi. Leo begi limefunguliwa. Anatoboa tundu moja tu, lenye mwinamo mdogo kuelekea nje ili maji yatiririke, na linatokea pale pale alipolichora. Anatanua mdomo wa bomba la shaba kwa mkono, taratibu, akiuzungusha kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua pete.

Kisha anawasha pampu ya kunyonya hewa iliyomo ndani ya bomba. Nusu saa. Anaizima, na anasubiri nusu saa nyingine akiitazama sindano ya geji. Ikisogea hata kidogo, kuna mahali panavuja na kazi inaanza upya. Mafundi wengi huruka hatua hii, na mteja hajui mpaka mwaka uishe. Mwandishi wa makala haya alikiri moyoni kwamba hajawahi kumwona mtu akitazama kitu kilichotulia kwa heshima kiasi hicho.

Sindano haikusogea.

Umulisa anafungulia gesi na kuwasha mashine. Kwa dakika moja hakuna kitu. Kisha hewa inabadilika. Nilikuwa nimekaa naye chumba kile siku ya nyuzi 34, na sasa kipimajoto kilikuwa kinashuka mbele ya macho yetu, 31, 29, 27.

Mutoni ndiye aliyemuuliza fundi. "Tantine, baridi ilikuwa imejificha wapi humo?"

"Humu hamna baridi, mwanangu," anajibu Umulisa. "Mashine inabeba joto tu, inalitoa. Njoo uone."

Anamshika mkono na kumzungusha nyuma ya nyumba. Feni ya nje inapuliza upepo wa moto. Mutoni ananyoosha kiganja na kukirudisha haraka.

"Hilo ndilo lililokuwa kitandani kwako," anasema Umulisa.

Chini ya ukuta, kwenye mrija mwembamba, maji yameanza kudondoka. Mutoni anayatazama kwa muda mrefu. "Inatoka jasho," anasema. Béatha anaondoka na kwenda kusimama peke yake upande wa jikoni, na hakuna aliyemfuata.

Umulisa anakusanya vifaa. Anasema anataka kuwakusanya waashi wa Gahanga na Ndera, ambako nyumba mpya zinaota kila mwezi, awafundishe bure jambo moja: kuweka dari na matundu ya hewa kabla mtu hajawaza mashine. Mafundi wenzake humwambia anajiharibia soko.

"Wanasema kweli," anakiri. "Lakini wenye shida kama ya huyu mtoto hawana milioni. Nataka wakinifikia, wawe wanahitaji mashine ndogo tu."

Siku nne baadaye tulikuwa naye kwenye kazi nyingine, akiwa juu ya ngazi, simu yake ilipolia. Alikuwa Léonce. Umulisa aliiweka sauti ya nje, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuambiwa kwamba mashine imezimika.

"Fundi, inafanya kazi vizuri," alisema Léonce. "Sasa iko kitu tunataka kuuliza. Mutoni amelala mchana, ameamuka, anasema anasikia baridi. Ameomba blanketi. Hatuna ya mutoto, fundi. Hajawahi kuomba."

Umulisa alimwambia aipandishe mashine hadi nyuzi 26, amfunike kwa kitenge cha mama yake. Kisha alishuka kwenye ngazi, akakaa sakafuni, na kazi ikasimama kwa muda.