Tandiko Lililoshonwa Bila Kufuliwa

Tandiko la kitanda la vipande vya vitambaa ambalo mama alimshonea dada lilichuja rangi siku yenyewe ya sendoff, sherehe ya kumuaga akienda kwa mume. Wekundu wa kitenge uliingia kwenye vipande vyote vyeupe, na maji ya beseni la kufulia yakawa kama ya bucha.

Nimelikumbuka leo dukani Chang'ombe, muuzaji alipokunjua kitenge kipya na ile harufu kali ya dawa ya kiwandani ikanipanda puani.

Harufu hiyo ndiyo waliyoigombania mama na shangazi mkekani, vitambaa vikiwa bado vigumu kama karatasi. Mama alitaka kuvifua kwanza, ndipo avikate na kuviunganisha.

"Wifi, ukivifua harufu ya dukani inaisha," shangazi alisema. "Wakwe watanusa, waseme tumewapa mtumba."

"Na huu wekundu ukichuja?"

"Utachujia wapi, na bomba halitoi maji? Shona, wifi. Unapenda kufua kama dobi."

Mama alishona akiwa amenuna. Lilipokamilika, asubuhi ya sendoff, shangazi akalitundika uani majirani walione. Upepo ukalijaza vumbi jekundu, kulikung'uta hakukusaidia, ikabidi lifuliwe kwa maji ya kununua.

"Nilisema mimi," mama alirudia kila alipolikamua. Shangazi, akiwa ameshika upande wa pili, alijibu kwamba kosa ni la sabuni.

Gari la wakwe lilipopiga honi getini, tandiko lilikuwa bado linachuruzika mikononi mwao, na hakuna aliyekuwa ameamua kama dada aondoke nalo au aende mikono mitupu.